Pigo la Tano

Saa moja asubuhi Anguyo huwasha mashine ya kusaga,
na ukuta tunaogawana, yeye na mimi, hutetemeka
mpaka vijiko vyangu vinahama mezani.
Miaka miwili niliulaani mtetemo huo.
Wa tatu, nikaufunga simu kwa gundi ya karatasi,
nikabonyeza kitufe chekundu,
nikaondoka kwenda kununua mihogo.

Usiku, nikisikiliza, ndipo nikagundua:
injini haipigi sawasawa.
Kila pigo la tano huchechemea,
hujikwaa, hujishika, huendelea
kama mlevi mwenye heshima zake.
"Mkanda umechakaa," Anguyo alisema.
"Jumatatu naubadilisha."
Nikamsihi asubiri wiki mbili.
Akaniangalia kama daktari wa meno
aliyeombwa aliache jino lioze.

Kompyuta niliinunua hapa hapa Arua
kwa fundi aliyeapa kwamba ni mpya.
Feni inakohoa. Herufi B imeng'oka.
Siandiki baba, siandiki benki, siandiki biashara.
Ngoma naiandika vizuri tu.

Nikalikata lile pigo la tano, peke yake,
nikalivuta likawa refu kama Jumapili ya mvua,
nikalishusha, nikalishusha tena,
likawa besi inayogonga tumbo kabla ya sikio.
Juu yake nikanyunyiza unga ukimiminika guniani,
shhh ndogo, nikaigeuza kinyumenyume,
ikawa pumzi ya mtu anayetaka kusema
halafu anaghairi.

Picha ndizo zilizonishinda.
Vijiraba vidogo kwenye skrini, mia kwa mia,
nyekundu, nyeusi, manjano,
vikisogea na mdundo, na bado vimekufa.
Shangazi Bakhita akaja kuchaji simu,
na tabaga yake kwapani, nusu imesukwa.
Hajui kusoma. Akainama, akanusa kama anaonja mchuzi.
"Safu ya tisa umekosea.
Nyekundu haikai na nyekundu bila nyeusi katikati.
Zitagombana."
Kidole chake kikaacha alama ya mate kwenye kioo.
"Na huku umehesabu sita. Nani alikufundisha sita?"

Nikahesabu kama yeye, saba saba, ulimi nje.
Picha ikasimama.
Sina neno jingine: ilikuwa imelala, ikasimama.
Yeye alikuwa ameshaondoka, na chaja yangu.

Video ya dakika tatu hupikwa usiku kucha.
Ilifika asilimia themanini na tisa,
umeme ukakatika bila kuaga.
Nilisema gizani neno ambalo sitaliandika,
ingawa halina B.
Kesho yake nikaipika tena.
Keshokutwa tena.
Ya nne nikakesha nayo, mkono juu ya mfuniko
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Sina studio. Lebo ni jina nililolichora mwenyewe,
likiwa na kosa nililolipenda nikaliacha.
Faili likatoka Alhamisi, bei: utakachotoa.
Wakasikiliza watu kumi na mmoja.
Wawili kati yao ni mimi.
Mmoja alilipa shilingi elfu mbili, hakuacha jina;
nikazinunulia data, zikaisha kabla ya magharibi.

Anguyo alibadilisha mkanda.
Sasa ukuta unapiga moja, mbili, tatu, nne, tano,
safi, mnyoofu, hauna la kuniambia.
Vijiko vimetulia.

Jana nikamvalisha hedifoni mlangoni pa mashine,
mweupe wa unga mpaka kwenye kope.
Akasikiliza yote, hakutikisa kichwa.
Mwishoni akainua kidole
na mahali lile pigo linapochechemea, akaguna.
"Huyo," akasema, "namjua."
Akazivua, akarudi kwa wateja wake:
mwanamke mmoja na debe la mtama, amechoka kusubiri.

Hedifoni zina unga, sikio la kushoto hasa.
Sijazipangusa.