Ki na Po

Meneja wetu, Gareth Pickersgill, alikwenda kozi Leeds siku mbili
akarudi na sauti mpya.
Ile ya zamani, ya kukemea wachelewaji,
sijui aliiacha wapi; labda kwenye treni.
Hii mpya inashuka ngazi polepole, imeshika ukuta.

Alituketisha ukingoni mwa vitanda visivyouzika,
mimi, Agnieszka, na yule kijana wa Jumamosi,
akasema: msimwambie mteja "kama".
"Kama" ni mlango wa nyuma. Atauona, atatoka.
Semeni "wakati".
Pumueni anapopumua. Tajeni kitu cha kweli,
kisha cha kweli kingine, kisha cha tatu,
na cha nne, chenu, kipenyezeni humo humo
kama mtu anayeingilia foleni na kikapu chepesi.

Nikacheka moyoni. Kiingereza kinahitaji siku mbili
na chakula cha mchana cha bure.
Kwetu ni silabi tu, tumboni mwa kitenzi:
toa ki, tia po.
Ukinunua: hiari yako, mvua ikikatika nenda zako.
Utakaponunua: mambo yamekwisha,
kilichobaki ni kuulizana rangi.

Nikawa fundi. Nakiri.
Duka la magodoro, Hull, nyuma ya kituo cha mabasi,
Januari ile hakuna aliyenifikia kwa mauzo.
Umekaa, nilisema, miguu imechoka, nje kuna baridi,
na kadiri unavyozidi kuegemea
ndivyo unavyogundua kuwa mgongo wako umeshaamua.
Mgongo! Nani abishane na mgongo wake?
Mwalimu wa hesabu alibeba godoro la bei ya pikipiki.
Wachumba waliokuja kuulizia taa wakaondoka na kitanda.
Mwenye nyumba wangu nilimjaribia habari ya bomba linalovuja;
akaja siku ileile na spana, akaniomba radhi,
hajui kwa nini.

Usiku mama akapiga simu kutoka Pangani.
"Utakaporudi," akasema, "tutapaka chumba chako chokaa."
Miaka tisa hajawahi kusema ukirudi.
Nikahisi kope zinakuwa nzito
na mkono, wenyewe, unatafuta bei za ndege.
Mama hakwenda kozi yoyote.

Halafu Alhamisi akaingia Bi Maureen Stathers,
koti la kijivu, mfuko wa vitunguu majani,
akataka kitanda cha mtu mmoja.
Nikashusha sauti. Nikahesabu pumzi zake.
Umelala chali, nikasema, unasikia mvua kwenye kioo,
unahisi mto unavyokipokea kichwa,
na utakapolala kwenye kile kikubwa, kile cha pembeni...

"Mwanangu," akasema, macho kayafumba vilevile,
"mume wangu aliuza bima mlango kwa mlango miaka thelathini na minane.
Hayo maneno tuliyafanyia mazoezi jikoni,
mimi nikiwa mteja, nimevaa kofia yake."

Masikio yakaniwaka moto.

"Usikome," akasema. "Tangu Novemba
hakuna aliyesema nami polepole."

Kule kaunta Gareth akaniinulia kidole gumba.

Sikuwa tena na cha kuuza ulimini.
Nikataja tu vilivyopo:
taa ile inapepesa. Vitunguu vyako vilianguka, nimeviokota.
Basi la saa kumi limepita, lingine litakuja.
Cha kweli, cha kweli, cha kweli.
Cha nne sikukitafuta.

Alisinzia dakika ishirini, mdomo wazi.
Alipoamka akauliza bei ya kile kidogo.
Nikamtajia. Nikaongeza: ukitaka.
Kwa Kiingereza, lakini ki yangu ilikuwemo,
nikaiachia mlango wazi,
baridi ikaingia hadi kwenye shuka za maonyesho.

"Nitafikiri," akasema, akafunga vifungo vyote vinne.
Mlangoni akageuka.

"Utakaponiletea," akasema,
"lifti ni mbovu. Ghorofa ya tatu."