Kopo Lenye Tumbo

Lilikuwa kopo la maziwa, la kilo moja.
Nililigonga kwa ndani, nyuma ya choo, kwa nyundo ya kuazima,
likatoa tumbo kama mtoto mwenye safura.
Kwa macho, kilo. Kwa mkono, kilo na robo.
Kangomba, ndiyo. Sina jina jingine la kulipaka mafuta.

Mwezi wa saba, mikorosho ingali maua,
Skolastika Namalowe alikuja kwangu bila viatu:
mume amelazwa Ndanda, dawa zinadaiwa.
Nikampa hela kidogo, nikaandika daftarini.
Msimu ulipofika nikampimia makopo mia mbili,
na kila kopo nililitikisa, korosho zikae vizuri.
Mume alizikwa Novemba.
Nilichangia sukari.

Mwaka uliofuata nikaamini.
Usicheke. Nilikuwa napuliza salfa shambani,
nikalia mpaka kitambaa cha puani kikalowa.
Katekista Nampoto akanishika bega:
"Wokovu ni bure, Akwilini. Haupimwi."
Haupimwi!
Mimi, mtu wa kopo, neno hilo
lilinilaza usingizi mnono zaidi ya miezi sita.

Alinifundisha kwa kidole, akionyesha tawi:
"Korosho hutangulia, ngumu, ya kijani.
Bibo huja kuvimba baadaye, lenyewe, halivutwi.
Ndiyo imani, na ndiyo matendo."
Nikamwuliza, na lisipovimba?
Akatazama jua, akasema giza linaingia.

Basi nikajificha kwa yule mwizi wa msalabani.
Alitenda nini yule? Hakurudisha hata kuku.
Alisema neno moja, mlango ukafunguka.
Nilimpenda. Nilitembea naye mfukoni
kama kitambulisho.

Hadi Jumapili moja ya Kwaresima, tukipeana amani,
mkono wa Skolastika ukaingia katika wangu.
Siku hizi anabangua korosho za watu, kwa ndoo.
Mafuta ya ganda yamemla vidole,
ngozi inabanduka kama muhogo uliochemka.
"Amani," akasema, akapita kwa mwingine.
Ndipo nikamtazama mwizi wangu vizuri.
Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari.
Yangu asubuhi ile ilikuwa imechuma kisamvu,
imewasha pikipiki,
imehesabu hela mara mbili.

Nilikuwa na gunia nimelificha, nangoja bei.
Kilo themanini. Nikalifunga kwa mpira wa baiskeli,
pikipiki ikalalama kwenye mchanga wote wa Lukuledi.
Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye karai. Hakuinuka.
"Unanunua nini?"
"Sinunui. Nimeamini, mama."
"Kama unalipa ili uingie mbinguni, geuza pikipiki,
mimi si mlango.
Kama unalipa kwa sababu ni zangu,
weka pale pasipovuja."

Nikaweka.
Akamfuta mtoto uso, akaazima mizani kwa jirani,
ile ya kuning'iniza, yenye ndoano.
Akapima hamsini, akaziingiza ndani.
Thelathini akazisukuma kwa mguu kuja kwangu.
"Hizi si zangu. Usinifanye na mimi mtu wa kopo."

Nilikuwa nimezidisha makusudi. Nilitaka zionekane.

Sikupewa stakabadhi. Hakusema amenisamehe,
nami sikuuliza; mtoto alikuwa na sabuni machoni
na kilio chake kilijaza ua.

Nimerudi na thelathini nyuma ya kiti,
sijui niziite nini.
Bado namwamini Yeye asiyepima.
Sijalipa hata kopo moja la neema yake,
na sitalipa, nalijua hilo kuliko nilivyolijua kwa salfa.
Lakini daftari lipo.
Chini ya Namalowe kuna majina kumi na moja,
la kwanza limefutika nusu kwa jasho langu.
Nalisogeza kwenye kibatari.
Chi… Chika… Chikambo.
Anakaa ng'ambo ya mto, penye njia mbaya.
Petroli imebaki nusu tangi.