Panya wa Thelathini na Moja

Saa mbili kasorobo nafungua chumba cha panya,
nyuma ya maabara, upande wa Raskazone.
Nabadilisha maranda, nimeyatoa kwa seremala wa Makorora,
nayapepeta kwanza, maana kijiti kimoja tu
chaweza kuwachoma, na hawa wakitoboka damu haikati.
Wamezalishwa hivyo kwa makusudi.
Majina hawana. Dokta Semboja alinionya mapema:
"Mhina, ukimpa jina utamlilia."

Leo dawa mpya.
Panya kalala usingizi wa sindano,
ncha ya mkia inakatwa, kiasi cha punje ya mchele,
mkia unatumbukizwa katika maji ya chumvi, vuguvugu,
nami nashika saa.
Uzi mwekundu unashuka, unajisokota.
Wa ishirini na tisa, asiyepewa dawa: dakika ishirini, bado.
Wa thelathini, dozi ndogo: kumi na saba.
Wa thelathini na moja,
dakika ya nne uzi ukawa mwembamba,
ya tano ukakatika.
Dokta akaniuliza tena.
Tano, nikasema.
Akaandika. Kalamu ilikwaruza.

Husema damu nzito kuliko maji.
Ya kwetu haijausikia msemo huo.
Mbwana, mtoto wa dada yangu,
alitahiriwa Jumamosi; Jumatatu tulikuwa bado tunabadilisha kanga,
ngariba anaapa wembe wake hauna kosa.
Kweli haukuwa nalo.
Kosa lilitoka kwa mama yetu, likaniruka mimi,
likatua kwa Mwanaidi, kimya,
likamngoja mwanawe.

Sasa ana miaka tisa.
Jioni nilipita kwao, barabara ya kumi na nne,
nikamkuta mguu juu ya mto, barafu imeshayeyuka,
goti mviringo kama chungwa la Muheza.
Nikamsimulia.
"Lakini ni panya tu," nikasema. "Baadaye mbwa,
baadaye makaratasi, halafu makaratasi ya makaratasi.
Ikifika hapa utakuwa umeota ndevu."
Hakucheka.
"Huyo panya alipona?"

Mchana, kwa mikono hii,
nilikuwa nimewapeleka kwenye tanuri, wote watatu,
mfuko mmoja.

"Damu ilikata," nikamwambia.

Akaliweka goti vizuri juu ya mto,
akahesabu kwa vidole, taratibu,
moja mpaka tano.