Alama ya Pasi

Jumamosi ya zamu yangu umeme ulikatika Chaani nzima,
nami nina kitambaa cha meza ya Bwana mkononi,
kimelowa wanga, kinasubiri moto.
Nikabisha hodi kwa Bi Zuhura.
Hakuuliza kitambaa ni cha nani.
Alichota makaa jikoni mwake kwa koleo,
akayatia tumboni mwa pasi, akapuliza,
akasema, "Nenda kabla hayajalala."

Nilipiga pasi sebuleni, mlango wazi.
Mwambingu alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki
akitazama viatu vyake vya kazi.
Tangu makontena yapande treni
lori limelala Miritini bila magurudumu,
naye mume wangu hulala macho wazi.
Miezi minne. Neno lake refu kabisa ni "Haya."

Nikaomba huku nikipiga pasi, kama kawaida yangu,
orodha ile ile, kama anayesoma daftari la madeni dukani:
Bwana, kodi ya Machi. Bwana, kodi ya Aprili.
Bwana, karo ya Wakesho, wamemrudisha na sanduku lake.
Bwana, kifua cha mama kule Wundanyi.
Bwana, mtu huyu kwenye kiti.
Nilikuwa natoa hesabu hivyo, macho nimeyafumba.
Harufu ndiyo iliyonifumbua.

Palepale katikati, chini ya msalaba uliotariziwa:
alama ya pasi, kahawia, kama unyayo
wa mtu aliyepita na matope.

Sikulia mama alipougua.
Sikulia mwenye nyumba aliponihesabia siku kwa vidole.
Nililia kwa kitambaa.
Nililia nikakaa chini kwenye saruji
na orodha yote ikanitoka kichwani,
sikubaki na ombi hata moja,
nilibaki na jina tu, Yesu,
na hilo nalo nililitamka kama mtoto
anayemwita mtu aliye chumba cha pili:
hataki kitu,
anataka kujua kama yupo.

Sijui nieleze vipi kilichofuata.
Hakukuwa na sauti. Adhana ya alasiri ilianza ikamalizika,
kuku wa jirani akapita, makaa yakalialia ndani ya pasi.
Kitu fulani kifuani, kilichokuwa kimekunja ngumi
tangu Desemba, kikakunjua vidole
kimoja kimoja.

Ndipo Mwambingu akainuka.
"Ndimu na chumvi," akasema. "Halafu jua."
Maneno matano. Niliyahesabu kama pesa.
Akasugua mwenyewe, kwa vidole vilivyozoea grisi,
taratibu, kana kwamba kitambaa kina maumivu.
Tukakianika kambani, kati ya leso za Bi Zuhura.

Alama ilififia. Haikutoka.

Jumapili nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.
Kasisi Mwachofi alikitandaza, akakinyoosha kwa kiganja,
kiganja kikafika pale, kikasimama kidogo.
Kikombe alikiweka kando, wala hakuifunika.
Nikangoja aibu inipande usoni.
Haikuja. Mkate ulimegwa juu ya alama ile,
chembe zikaiangukia,
nami nikawaza: kumbe hata kilichoungua hutandikwa.

Tulirudi kwa miguu kuokoa nauli.
Kodi bado. Lori bado. Wakesho yuko nyumbani
anasoma vitabu vya mwaka jana.
Njia panda, mwuza maji ameegemea mkokoteni,
mtungi ishirini; tulikuwa na arobaini.
Mwambingu akabeba mmoja, mimi mmoja,
na bila kuulizwa akaanza kunisimulia
jinsi ya kuteremka Mazeras usiku na mzigo mzito:
breki huzing'ang'anii, utaziunguza;
unaweka gia ndogo, unaiacha injini ikushike.

"Basi?" nikamuuliza.
"Basi," akasema,
na maji yakamrukia shingoni, akacheka.