Toboa Kwanza

Kwenye kopo la maziwa, rafu ya juu, nyuma ya pasi,
zimo pete kumi na tatu za skafu.
Huyu ni kiboko, sikio moja.
Huyu nyani, kisu kiliteleza akawa anacheka.
Huu mlima uliochongoka ni Mawenzi,
kwa sababu Kibo kila mtu alishamchonga,
na rangi nyeupe ilikuwa ya kugombania.

Jumamosi, baada ya fundo na gwaride,
Kikosi cha Mbega tulihamia Pasua
nyuma ya karakana ya Lyaruu,
fundi wa vitanda, na wa majeneza inapobidi.
Tuliokota vipande chini ya msumeno wake.
Mringaringa, alisema Anaeli, hauna ubishi,
unauelekeza unaelekea.
Mkaratusi ndio wenye kiburi cha kwao.

Mwalimu Ndekirwa alikuwa na sheria moja tu ya ufundi:
"Toboa kwanza. Sura itakuja."
Nani angesikia?
Tundu halina jicho wala mkia,
tundu ni kazi ya kutoa jasho
na mwisho wake huna cha kumwonyesha mtu.

Nilichonga twiga wiki tatu.
Madoa yake niliyapaka kwa kijiti cha kiberiti,
doa moja moja, nikiziba pumzi.
Ndipo nikaleta keekee.
Ilipofika katikati ya kifua,
pa!
nikabaki na twiga wa kichwa mkono wa kushoto
na twiga wa miguu mkono wa kulia.

Mwalimu hakusema neno.
Aliingiza mkono mfukoni,
akanipa kipande kingine.

Anaeli alitoboa kwanza.
Akaupuliza unga, akaweka jicho:
"Nakuona wewe. Nauona mpapai wa kina Lyaruu.
Naona mama yako anakuja na fimbo."
Alikuja kweli.
Kisha akamchonga mbega kulizunguka lile tundu,
mgongo umejikunja, mkia unaning'inia.
Nyeusi tulipewa na mchora vibao vya maduka,
chini kabisa ya debe, nzito kama uji uliolala.
Nyeupe haikuwepo.
Anaeli akachanganya gundi na dawa ya meno.

Siku ya gwaride mvua ya Aprili haikuuliza ratiba.
Tulisimama wima, vidole vitatu usoni,
mgeni rasmi chini ya mwavuli wa watu wawili,
na mkia wa mbega ukaanza kushuka
kifungo cha pili,
kifungo cha tatu,
mpaka kwenye mkanda.
"Mbega amekojoa," mtu alinong'ona,
na mstari mzima ulitikisika kama bati.
Anaeli peke yake hakucheka.
Alinukia mnanaa, akapiga saluti.

Sasa anaendesha lori, Tunduma na ng'ambo.
Hupiga simu usiku akiwa foleni ya mpakani.
"Mbega wangu unaye?"
"Ninaye."
"Mpake mkia basi, rangi siku hizi zimejaa."
"Sipaki."
Hucheka, kisha foleni husogea.

Leo Aikande amekuja na skafu yake mpya,
ameifunga fundo kwa kukosa pete.
Hataki simba, hataki mlima.
Anataka bajaji.
Nimempa mringaringa, kisu, msasa,
na keekee nimeiweka pale anapoweza kuiona.

Ameanza na magurudumu.
Ulimi umetoka pembeni ya mdomo.
Sasa taa. Sasa kile kioo kidogo cha dereva.
Sentensi ya mwalimu imenijaa kinywani kama ndizi ya moto.

Nimenyamaza.
Mfukoni nina kipande kingine.