Safu ya Saba

Fomu imeletwa na bodaboda, imekunjwa mara nne,
pembeni ina alama ya kidole chenye mawese.
Jina. Jinsi. Tarehe ya kuzaliwa. Mzazi.
Namba ya simu. Darasa.
Safu ya saba wameandika *Asili*,
asili tu, basi,
kama vile hapa Kibirizi tunauza dawa za mizizi.
Ijumaa saa nne iwe mezani kwa mratibu.

Darasa la Tano B. Watoto themanini na mmoja,
madawati ishirini na sita,
na upepo wa ziwani unaotuletea dagaa wa jirani
kabla hawajakauka.

Naanza na wepesi.
Ruhuza: Mha wa Heru. Hana swali.
Wilondja: Mbembe. Mama yake hushusha vitenge
kila Jumatano, na kadi ya kura anayo, ya hapa hapa.
Salha wa Ujiji: babu wa babu yake alifika na msafara;
kama alibeba pembe au alishika fimbo
kwao hawaulizani.
Nikaandika *Mswahili*, wino ukakatika katikati.

Ndayikeza haangalii uso wangu, anaangalia kalamu.
Anaijua safu ilipo.
Wako watoto wanaojifunza kusoma fomu
kabla ya kusoma hadithi.
"Mwalimu, niandike Mha," ananong'ona.
"Bibi kasema."

Bibi alivuka Malagarasi na mtoto mgongoni,
mwaka ambao mimi bado sijazaliwa.
Mtoto yule ndiye mama wa huyu.
Hesabu yenyewe si ngumu. Wagumu ni wanaoihesabu.

Jumanne tulisoma zana za kilimo.
Nikauliza: nyumbani jembe mnaliitaje?
*Isuka*, akasema Ruhuza.
*Isuka*, akasema Ndayikeza, pumzi ile ile.
Darasa likacheka. Ruhuza akasimama, machozi karibu:
"Mwalimu, ameniibia neno!"
Yeye, ambaye mapumziko humwita mkimbizi
na kumnyima zamu ya kuruka kamba.
Nilitakiwa kuwa na jibu. Sikuwa nalo.
Neno likabaki ubaoni mpaka kengele,
na hakuna aliyetaka kulifuta.

Sikuwaambia habari ya kizuizi cha barabara ya Kasulu,
mwaka nilioajiriwa, barua ya kazi imo mkobani.
Afisa alinisikia nikiomba maji dirishani.
"Wewe, shuka. Lafudhi yako ina milima."
Mwenyekiti wa kitongoji chenu nani?
Nikamtaja.
Babu yako kazikwa wapi?
Nikamtajia makaburi, moja moja, kwa michikichi yake,
kaburi la shangazi, la kichanga asiye na jina,
basi linanguruma, abiria mmoja anamenya karanga
na kunitazama kama naigiza.
Nilipandishwa tena. Hakuna aliyeniomba radhi.
Hadi leo nikikaribia pale
ulimi wangu hujipanga mstari, mikono mbele,
kama watoto wanaokaguliwa kucha.

Basi nimeandika *Mha*.
Kwa penseli.
Herufi tatu, na chini yake mto mzima
na mwanamke aliyeukanyaga usiku.
Mratibu atasema: hii inafutika, Mwalimu.
Sijui bado nitamjibuje.
Labda: ndiyo.
Labda nitanyamaza tu, nitie na saini.

Ndayikeza amesoma alichoandikiwa.
Hakufurahi. Ameshukuru,
navyo ni vitu viwili.

Nakunja fomu kwa mikunjo yake ile ile minne.
Ndipo Ruhuza, bado na kinyongo, lakini dadisi:
"Na kwa kina Wilondja, jembe ni nani?"
"Jembe ni *nini*," namsahihisha,
kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea.
Wilondja akalitaja neno, polepole,
kama mtu anayefungua mfuko mbele za watu.
Sikujua linavyoandikwa.
Nikampa chaki.