Tofali la Cirimwami

Nililifunga kwa kitenge chakavu, nikaliweka chini ya kitanda,
tofali moja, kona imemeguka.
Miaka saba. Nyumba tatu:
Kadutu, kisha Panzi, kisha Kadutu tena,
na kila nilipohama nililibeba mwenyewe.
Sufuria wakazibeba watoto.

Usiku ule mvua ilinyesha kama mdai aliyechoka kuzungushwa.
Ukuta wa Cirimwami, jirani yetu wa juu,
ulishuka na udongo wote wa nyuma yake
ukalala juu ya jiko langu,
juu ya cherehani,
juu ya mguu wa Ashuza.
Alikuwa na miaka sita. Leo ana kumi na mitatu,
anachechemea akipanda kilima cha shule
na anacheka. Yeye anacheka.
Mimi ndiye niliyebaki chini ya ukuta.

Nilimwambia kila mtu: alibania saruji.
Muuza sambaza alijua. Padri alijua.
Hata fundi viatu, asiyeuliza watu habari zao, alijua.

Jambo moja sikumwambia mtu.
Jioni ile nilisikia ukuta ukilia,
mlio mdogo, kama ukucha kwenye bati.
Nikatazama juu. Nikauona ufa.
Nikasema moyoni, na umwangukie mwenyewe,
kwa kuwa tuligombana juu ya maji ya bomba
na salamu zilikuwa zimekatika.

Juzi nikamkuta sokoni, mfuko wa viazi begani,
shati lina vifungo visivyofanana.
Mkewe alishakufa; nilisikia, sikwenda kilioni.
Akaniona. Akashusha macho.
"Mguu wa mtoto," akauliza, "mvua ikianza, unamsumbua?"
Hakusema nisamehe. Alisema mguu.
Kumbe naye, mvua ikianza, huamka.

"Unauma kidogo," nikamjibu.
Kisha, bila kupanga: "Ule ufa, hata mimi niliuona."
Alikaa kimya.
Akahamishia mfuko bega la pili.

Sijui kama huko ndiko kusamehe.
Nilitegemea machozi, labda na kwaya.
Usiku nikakifungua kile kitenge;
nimeshakifua mara mbili, wekundu haujatoka.

Tofali liko chini ya mguu wa meza, ule mfupi.
Ashuza huandikia hapo hesabu zake.
Meza bado inayumba, kidogo tu,
anapofuta kosa.